Kadi ya Mama

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi wala sijapunguza pilipili. Mtu akikuambia kwamba yule mzee wa nyumba ya kona ni mtunzi wa mambo, muulize yeye siku hiyo alikuwa wapi. Mimi nilikuwepo. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia kupitia ukuta, maana ukuta kati ya nyumba yangu na ya jirani ni mwembamba kiasi kwamba wao wakikaanga mayai, mimi nashiba.

Wananiita Babu Greda. Miaka yangu yote ya kazi niliendesha greda, lile gari refu lenye kisu tumboni linalosawazisha barabara. Shule niliiona kwa nje tu, nikiichongea njia ya kuingilia. Kusoma nilijifunza kwenye vibao vya barabarani. Kibao cha kwanza kukisoma kilikuwa SIMAMA, nami nikakitii kwa moyo wote, ndiyo maana nilichelewa sana kufika kwenye cha pili.

Basi, jirani zangu. Kuna mama, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye anayefundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi iliyo chini ya kilima. Kuna binti yake wa darasa la sita, ambaye mimi nilimbatiza jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake hauna siku ya mapumziko. Na kuna mdogo wake Chiriku, mvulana wa miaka tisa, Mkaguzi. Huyo hakuna kitu kinachompita bila kukaguliwa: bawaba za milango, vifungo vya shati lako, mistari ya vigae. Baba yao hufanya kazi mgodini, mbali. Huja likizo, hulala, huondoka.

Mkaguzi ana usonji. Mwalimu alinieleza jambo hilo mara nyingi, nami nikatikisa kichwa mara nyingi bila kuelewa, mpaka siku moja likaingia. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, si utundu. Ubongo wake unaipokea dunia kwa namna yake. Mlio ambao kwako ni mdogo, kwake unaweza kuwa radi. Badiliko ambalo wewe hulioni, kwake ni kama mtu kahamisha nyumba usiku yeye akiwa amelala ndani. Maneno humjia kwa shida, lakini picha humjia kwa wepesi.

Kwa hiyo asubuhi za nyumba ile zilikwenda kwa picha. Kwenye ukuta wa ukumbini palikuwa na ubao mrefu, na juu yake Mwalimu alibandika kadi alizozichora mwenyewe, moja chini ya nyingine: mswaki, kikombe cha chai, shati, viatu, begi. Mkaguzi alibandua ya kwanza, akafanya kinachosemwa na kadi, kisha akaitupa kwenye kopo tupu la maziwa lililokuwa chini ya ubao. Kla! Jambo limekwisha, linalofuata. Nje ya ubao ule hapakuwa na serikali iliyoweza kumwamuru.

"Chiriku!" mama yake alikuwa akiita kutoka jikoni. "Soksi ya pili ya mdogo wako iko wapi?"

"Iko mguuni, Mama."

"Mguu wa nani?"

"Wangu."

"Ivue! Kadi ya viatu imeshafika, unataka aende na mguu mtupu?"

Shuleni Mwalimu alikuwa mtu mwingine. Chiriku aliwahi kuniambia kwamba wakati wa mapumziko hupenda kuchungulia dirisha la darasa la mama yake. Siku moja mtoto mmoja alimrushia kiatu. Mwalimu akakiokota, akakitazama, akasema, "Asante. Sasa nipe na cha pili, tuvipange pamoja." Na yule mtoto akampa! Hakupandisha sauti, hakukunja uso. Lakini nyumbani alikuwa mama kama mama wengine: alichoka, aliunguza maziwa, aliitafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Babu," Chiriku aliniuliza, "hivi uvumilivu wote huwa anauacha shuleni?"

"Mjukuu wangu," nikamjibu, "hata greda jioni huishiwa mafuta."

Kila alasiri Mwalimu alibaki shuleni kuandaa masomo na kuzungumza na wazazi. Chiriku alimrudisha mdogo wake nyumbani, na ubao wa alasiri ulikuwa ukiwangoja: viatu, mkate, bembea, kuoga, halafu kadi ya mwisho, kadi ya Mama. Hiyo ilikuwa uso wa Mwalimu mwenyewe, na miwani mikubwa kuliko uso. Mkaguzi alikuwa akiipenda kuliko zote. Alipomaliza kuoga aliibandua, na kabla hajakauka vizuri nywele, lango lililia na mama yake akaingia. Kla!

Mwalimu alikuwa ameniomba niwe nawatupia jicho. "Mzee, jicho lako moja tu linatosha."

"Mwalimu, nakupa yote mawili," nikasema. Na nilimpa. Kila alasiri nilikaa kwenye kiti changu cha kamba upande wangu wa ua, macho wazi, sikupepesa hata inzi aliponitua puani.

Sasa, muhula ule shule ilikuwa ikichagua timu ya mpira wa pete, na mazoezi yalifanyika alasiri katika uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu. Nahodha alikuwa rafiki yake Chiriku, msichana mrefu anayeitwa Kidoti. Alikuja hadi langoni, mpira kwapani.

"Wewe Chiriku, ni mchezaji au yaya?"

"Nina mdogo wangu."

"Mdogo gani wa miaka tisa? Wangu ana minne na ananipikia chai!"

"Muongo."

"Haya, haichemki. Lakini anaimimina." Kidoti akaudundisha mpira. "Nakuambia kama rafiki. Asiyekuja mazoezini hapangwi. Tena nafasi yako inaviziwa."

Chiriku alibaki ameshika lango. Nyuma yake Mkaguzi alikuwa amekwisha kula mkate na ameshika kadi ya bembea, naye akishapanda bembea haombi kushuka mapema. Kusukuma ni kazi ya dada. Kuoga nako ni kazi ya dada. Mazoezi yangeisha yeye bado ana sabuni viganjani.

Ndipo wazo likamjia. Kesho yake, kabla Mkaguzi hajavua viatu, Chiriku aliibandua kadi ya bembea na ile ya kuoga, akazitia mfukoni. Ubao ukabaki na viatu, mkate, Mama.

Mkaguzi alikula mkate. Alirudi ubaoni, akatazama. Akatazama tena. Aligusa pale penye pengo kwa kidole. Halafu aliibandua kadi ya Mama, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango, kadi kifuani, macho langoni. Hakuna mlinzi wa benki aliyewahi kulinda lango namna ile. Hakutikisika. Kadi imesema Mama, basi kinachofuata ni Mama.

Chiriku akakimbilia uwanjani. "Babu, yupo mlangoni, mwangalie!" alinipigia kelele akipita.

Alirudi amelowa jasho, na haikupita dakika mama yake akafika. Mkaguzi akatupa kadi koponi, kla, kila mtu akafurahi. Kuoga kulifanyika baadaye, katika pilikapilika za jioni, na Mwalimu hakujua kilichotokea. Kesho ikawa vilevile, na kesho kutwa. Chiriku alikuwa na maelezo yake moyoni: "Simdanganyi. Kadi inasema Mama, na si kweli Mama anakuja? Nimepunguza tu ya katikati." Ukimsikiliza mtu anayejieleza bila kuulizwa, jua kuna mtu ndani anayemuuliza.

Siku timu ilipotangazwa, Chiriku alikuwamo. Wasichana walishangilia, wakarushana juu, wakaimba. Siku hiyohiyo, mkutano wa wazazi darasani kwa Mwalimu ulichelewa kuisha.

Chiriku aliporudi alimkuta Mkaguzi palepale kizingitini. Vivuli vilikuwa vimerefuka hadi ukutani, na kadi ilikuwa imelowa kwa jasho la viganja.

"Njoo uoge, Mkaguzi. Njoo basi."

"Mama," akasema. Maneno yake ni machache, na hilo ni mojawapo.

"Atakuja. Njoo kwanza tuoge."

"Mama. Mama. Mama."

Taa za mtaani ziliwaka. Lango lilipolia hatimaye na Mwalimu akaingia akihema, mikono imenyooshwa, Mkaguzi alimtazama, akaitazama kadi, kisha akapiga ukelele ambao, naapa, ulipasua bakuli langu la udongo kabatini na kuwafanya kuku wa mtaa wa tatu watage kabla ya wakati. Alikimbilia ukumbini, akaukwangua ubao mzima kwa kucha mpaka haikubaki kadi hata moja.

Tangu hapo mambo yakavurugika. Ukimwonyesha kadi ya mkate, aliigeuza nyuma kama anayetafuta kilichofichwa, kisha akaitupa, ingawa njaa ilikuwa ikimsokota. Ukimwonyesha kadi ya viatu, alijificha chini ya meza. Ilikuwa hivyo nyumbani na darasani kwa mama yake pia, na darasani kulikuwa na kadi za wenzake. Akaanza kuzibandua na zao. Wenzake, ambao nao walitegemea kadi zao kama mimi ninavyotegemea fimbo yangu, wakaanza kulia. Yule wa kiatu akarudia kurusha viatu, safari hii vyote viwili.

Hapakuwa na aliyejua sababu. Mwalimu alimpeleka zahanati. Muuguzi akampima masikio, akamwangalia meno, akasema mtoto ni mzima. Mwalimu alizichora kadi upya, kubwa zaidi. Akapiga picha za kamera badala ya kuchora. Akahamisha ubao, akaurudisha. Usiku nilimsikia kupitia ukuta akijiuliza, "Nimekosea wapi? Nimemfanya nini mwanangu?"

Mimi nami nilitoa mchango wangu. Nilimshauri achore kwa rangi nyekundu, kwani vibao vya hatari ni vyekundu na kila dereva huvitii. Alichora mkate mwekundu. Mkaguzi aliutafuna, karatasi na rangi.

Chiriku ndiye aliyechanganyikiwa kupita wote. Unaweza kuuliza: si alijua alichofanya? Alijua kafanya, lakini hakuona uhusiano. Zile zilikuwa karatasi tu! Kadi alikwisha kuzirudisha mahali pake, bembea iliyofuata alimsukuma mpaka mabega yakamuuma. Kama kosa limerekebishwa, mbona mambo hayarekebiki?

Siku moja fundi cherehani, ambaye binti yake yuko katika darasa la Mwalimu, alikuja mpaka nyumbani. Hakukaa.

"Mwalimu, usinichukie. Binti yangu alikuwa ameanza kuvaa mwenyewe. Sasa hata nguo hataki kuiona. Nauliza tu kama mzazi: ikiwa wako amekushinda, na unalala naye nyumba moja, wangu utamweza?"

"Sijui, mama," Mwalimu akasema. "Ningekuwa najua ningekuambia."

Fundi alipoondoka, Mwalimu alikaa jikoni bila kuwasha jiko. Chiriku alikuwa akiosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Nimeamua," mama yake alisema. "Ijumaa nitamwambia Mwalimu Mkuu anihamishie darasa la kawaida."

"Na watoto wako?"

"Kitengo hakina mwalimu mwingine. Kitafungwa. Watarudi kwao."

"Wote? Hata yule wa viatu?"

"Wote. Na mdogo wako atakaa nyumbani, nitatafuta mtu wa kumwangalia." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Siwezi kusimama mbele ya wazazi wa watu nikiwaambia ninajua njia, na mimi mwenyewe nimepotea."

Chiriku alitoka nje, akaja kwenye ukuta wetu wa ua. Alinisimulia yote: mfuko, kadi, uwanja.

"Babu, hivi inawezekana ni mimi? Kwa karatasi mbili?"

Hapo ndipo niliposimama kama jaji. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, sikiliza. Mtu akigeuza mshale wa kibao cha barabarani, hata kwa mzaha, hata kwa siku moja, dereva akatumbukia mtaroni, siku nyingine dereva huyo haamini kibao chochote. Ukweli ni mchungu, lakini ndio dawa. Nenda kwa mama yako sasa hivi ukamweleze, na ukitetemeka, mimi nitasimama nyuma yako." Maneno hayo yalimwingia, machozi yakamtoka, na ndege wakaacha kulia ili wasikie.

Chiriku akarudi ndani. Lakini mlangoni alisita, kwa sababu ya alichokiona.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti ukumbini. Mkononi alikuwa na kadi ya Mama, mpya, imechorwa vizuri, miwani na yote. Aliishika kando ya uso wake, akitabasamu tabasamu la mtu anayejaribu kwa mara ya mwisho.

"Mkaguzi. Tazama. Mama."

Mkaguzi aliitazama kadi. Aliichukua taratibu. Akaipita miguu ya mama yake, akampita dada yake, akaenda kukaa kizingitini. Kadi kifuani, macho langoni, mgongo kwa mama yake.

"Mimi niko hapa, mwanangu," Mwalimu akasema nyuma yake. "Niko hapa. Unamngoja nani?"

Mtoto hakugeuka. Aliendelea kulitazama lango.

"Mama," Chiriku akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo." Ikamtoka yote kwa pumzi moja, mpira wa pete na Kidoti na kadi mfukoni na siku ya mkutano. Chiriku wetu, ambaye siku zote husimulia kwa madoido, safari hii hakuweka doido hata moja.

Mwalimu alibaki amepiga magoti. "Ulikuwa unamwacha hapo? Peke yake?"

"Babu alikuwa anamwangalia."

Mwalimu aliutazama ukuta wangu kwa muda. Nikajifanya nakohoa.

"Na kadi ya bembea ulikuwa ukiiondoa kabla hajaiona?"

"Ndiyo."

"Na ya kuoga?"

"Ndiyo, Mama. Nipige tu."

"Nikupige itasaidia nini?" Akanyanyuka, akaketi kwenye kiti, akanyanyuka tena. Uso wake ulikuwa na hasira, na kitu kingine ambacho Chiriku hakukielewa, kama mtu aliyeona mlango katika chumba alichodhani hakina mlango. "Unajua ninachojiuliza? Mtoto yeyote darasani kwangu akibadilika ghafla, swali langu la kwanza ni moja: nini kimebadilishwa? Nani kagusa nini? Naliuliza kabla sijaweka mkoba chini. Kwa huyu wangu sikuuliza. Nilijiuliza nimekosa nini mimi, tena na tena, kama kwamba ndilo swali pekee duniani. Mwalimu nilimwacha shuleni, nyumbani akaja mama mwenye hofu tu. Na ile siku ya mkutano ningeweza kumtuma mtu aje aweke kadi ya kungoja. Sikufanya hivyo."

"Kwa hiyo sote tumekosa?"

"Usijifiche nyuma yangu, binti. Langu ni langu, lako ni lako."

Alimshika mkono, wakaenda kukaa kizingitini, mmoja kila upande wa Mkaguzi, wote watatu wanalitazama lango.

"Wewe una maneno mengi, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, ingawa kichwa huniuma," Mwalimu alisema taratibu. "Mtu akikudanganya kwa neno moja, unabaki na mengine elfu ya kuulizia, ya kubishania, ya kumtukana ukipenda. Mdogo wako ana kadi hizi tu. Ukimdanganya kwa moja, umemnyang'anya zote. Kumdanganya anayeweza kukujibu ni kosa. Kumdanganya asiyeweza kukujibu ni kumfungia mlango na kuondoka na ufunguo."

Chiriku alilia, safari hii machozi halisi, yenye makamasi.

"Tutafanyaje sasa?"

"Kadi haijafa. Umeifundisha maana nyingine, basi tutaifundisha upya. Lakini kuanzia leo, kadi ya nyumba hii haisemi uongo hata kwa bahati mbaya."

Walianza na kadi moja tu: maji. Chiriku aliionyesha akiwa tayari ameshika kikombe, na kabla kadi haijashuka, maji yalikuwa mdomoni. Kisha mkate, vivyo hivyo. Halafu ikaja ile ngumu. Mwalimu alitoka nje, akajibanza nyuma ya lango. Chiriku alimwonyesha Mkaguzi kadi ya Mama, na papo hapo lango likalia na mama yake akaingia. Akatoka. Kadi. Akaingia. Akatoka. Kadi. Akaingia. Wapita njia walisimama.

"Mwalimu, umesahau kitu?" muuza magazeti aliuliza.

"Ndiyo," akajibu akiingia tena. "Nakikumbuka polepole."

Ilichukua siku nyingi. Kuna siku Mkaguzi aliitupa kadi, kuna siku aliigeuza nyuma kuikagua. Lakini alasiri moja, lango lilipolia, aliinuka kabla mama yake hajamfikia, akaenda ukumbini, na kupitia ukuta nikaisikia mwenyewe: kla!

Lakini nirudi nyuma kidogo: Ijumaa ile ilipofika, Mwalimu alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, lakini kuomba jambo jingine: mkutano na wazazi wote wa kitengo. Aliwaeleza kilichotokea, bila kuficha la kwake. Fundi cherehani alisikiliza, halafu akakiri, kichwa kimeinama, kwamba yeye nyumbani kwake huonyesha kadi ya kwenda dukani ili binti avae haraka, halafu hawaendi. Ikawa kama bomba limepasuka, kila mzazi akawa na kadi yake ya uongo. Kitengo hakikufungwa.

Na mpira wa pete? Mwalimu alimwambia Chiriku aende kwa Kidoti mwenyewe akaseme kwamba mazoezini atakuja siku ambazo kuna mtu mzima nyumbani, wakimtaka hivyo wamchukue, wasipomtaka basi.

"Utakaa akiba," Kidoti akasema.

"Nitakaa."

"Na ukikaa akiba usipige kelele kama unavyofanya."

"Hilo siahidi. Nimeacha kuahidi nisichoweza."

Hapo ndipo nilipokuwa nimeandika neno "Mwisho". Nilikipeleka kisa changu kwa jirani, kwa fahari, nikamwomba Chiriku akisome kwa sauti, kwani kitakwenda kusomwa na wanafunzi na sikutaka aibu ya nukta. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari, Mkaguzi akipanga vifuniko vya chupa kwenye zulia.

Chiriku alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye hotuba yangu ya kibao cha barabarani. Akanyamaza. Kwa Chiriku hilo ni jambo la kuita zimamoto.

"Babu."

"Naam."

"Haya hukuyasema."

"Sikusema yote, labda, lakini maana..."

"Ulisema, 'Nyamaza tu, mjukuu wangu, yatapita. Ukisema wewe, nami nitaulizwa.'"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Uulizwe nini, Mzee?"

"Mambo ya jumla tu," nikasema, nikiitafuta fimbo yangu.

"Maana hapa juu umeandika macho yalikuwa wazi, hata inzi hukumpepesea." Akakichukua kisa mkononi mwa binti yake. "Kila alasiri?"

"Kila alasiri, Mwalimu. Kweli tupu."

Mkaguzi aliacha vifuniko vyake. Hakunitazama. Aliegemeza kichwa nyuma kwenye kochi, akafungua mdomo, akaanza kukoroma. Si mkoromo wa mchezo. Ulikuwa wangu hasa: ule mngurumo wa greda ikipanda mlima, halafu filimbi nyembamba puani, halafu kimya cha kutisha, halafu kushtuka na kusema "Niko macho!" Hata sauti yangu alikuwa nayo. Alasiri zote zile kizingitini, mtoto yule alikuwa amenikagua.

Chiriku alianguka sakafuni kwa kicheko. Mwalimu alijitahidi kukaza uso, ukamshinda.

"Basi, Mzee," alisema alipopata pumzi, "kisa chako kiende kwa wanafunzi, lakini na hili liwemo. Na deni ulipe."

Ndiyo maana ninaandika mistari hii ya mwisho nikiwa kwenye kizingiti chao, saa ambayo miaka yote ilikuwa ya usingizi wangu. Ubaoni kwao kuna kadi mpya, kibabu kimekaa mlangoni, na kadi za nyumba ile hazisemi uongo. Mkaguzi ametoka kwenye bembea, amekaa kando yangu. Jua ni la kulalia kabisa. Kila kope yangu inaposhuka, hata kidogo, ananyoosha kidole chake na kuipandisha.